Tayari Kutokwenda, Si Tayari Kutorudi: Uchambuzi wa Kisa cha Likizo ya Familia Wakati wa Uviko-19

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia ya watu watatu, wazazi wawili na binti yao wa miaka 16, wakazi wa nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, waliopanga likizo ya nje ya nchi mwishoni mwa mwaka 2021. Majina yao, mji wao, kazi zao na kampuni zote zilizohusika vimeondolewa, na viwango vya fedha ni vya kukadiria. Mimi nilihusika kama mshauri wa safari tangu wiki ya kwanza ya Oktoba hadi siku marejesho ya mwisho ya fedha yalipoingia benki, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Nimekichagua kwa sababu mpango wao ulikuwa mzuri kuliko mingi niliyopata kuiona katika kipindi kile, na bado ulivunjika mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepaangalia.

## Usuli

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Machi 11, 2020 kwamba Uviko-19 ni janga la dunia. Kufikia vuli ya 2021 wasafiri wengi wa Ulaya walikuwa wameshazoea masharti yake. Cheti cha Kidijitali cha Uviko cha Umoja wa Ulaya kilikuwa kimeanza kutumika Julai 1 mwaka huo, na mtu aliyekamilisha chanjo alionyesha msimbo wake kwenye simu akapita. Familia hii ilikuwa imechanjwa yote, na hoja ya baba katika kikao chetu cha kwanza ilikuwa fupi: mabaya zaidi tumeshayaona.

Walitaka kwenda Moroko kwa usiku 16, kuanzia Jumamosi ya Desemba 18 hadi Jumatatu ya Januari 3: Marrakech kwanza, kisha Fez, na siku za mwisho Essaouira kando ya bahari. Bajeti yao ya nauli na malazi ilikuwa Euro 3,500. Mama alikuwa na siku za likizo zilizolimbikizwa ambazo zingefutwa mwaka ukiisha. Binti alitakiwa shuleni Januari 5. Baba alikuwa akimeza kidonge cha shinikizo la damu kila siku, jambo alilolitaja kwa kupita tu na mimi nikaliandika pembeni mwa daftari bila kulifikiria tena.

Hata kabla hatujalipia chochote, onyo lilikuwa limeshatolewa. Oktoba 20, 2021 Moroko ilisimamisha safari za ndege kati yake na Uingereza, Ujerumani na Uholanzi. Nchi ya familia hii haikuwamo, lakini tukio lile lilitufundisha mambo mawili: kwamba serikali ile hufunga anga kwa haraka, na kwamba hufunga kwa watu wote pamoja, aliyechanjwa na asiyechanjwa. Nilishauri watafute nchi nyingine. Mama alikataa, na sababu yake sikuweza kuipinga: kila nchi ingeweza kufungwa, kwa hiyo kuacha unachokipenda kwa hofu ya kufungwa ni kukaa nyumbani moja kwa moja. Tukakubaliana kwamba Moroko itabaki kuwa mpango wa kwanza, na Ureno itakuwa mpango wa pili kwa tarehe zile zile.

## Mpango ulivyojengwa

Ugumu wa kwanza ulikuwa neno lenyewe. Katika matangazo ya wakati ule karibu kila tiketi na kila chumba kiliitwa "nyumbufu", na neno hilo lilibeba maana nne tofauti. Kwa shirika moja lilimaanisha kwamba utabadilisha tarehe bila faini, ila utalipa tofauti ya nauli kama nauli imepanda. Kwa jingine lilimaanisha kwamba ukighairi utapewa vocha ya kutumika ndani ya mwaka. Kwa nyumba za wageni lilimaanisha kwamba fedha zitarudi zote hadi siku fulani, na baada ya siku hiyo hairudi hata senti. Kwa wauzaji wa bima lilimaanisha karibu chochote.

Ndipo tulipoandika jedwali la ukurasa mmoja, ambalo mama alilibandika jikoni. Lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ilitaja kitu kilicholipiwa. Ya pili ilitaja siku ya mwisho ya kukighairi bila hasara. Ya tatu iliuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kiini cha karatasi nzima: nani akighairi, nini kinarudi?

Swali hilo lilitokana na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayomlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka katika uwanja ulio ndani ya Umoja. Shirika likifuta safari, abiria ana haki ya kurudishiwa nauli yake ndani ya siku saba, na hawezi kulazimishwa kupokea vocha badala ya fedha mpaka akubali mwenyewe kwa saini. Abiria akighairi mwenyewe, hata kama sababu yake ni nzito kiasi gani, anabaki na masharti ya tiketi aliyonunua. Safari ni ile ile na nauli ni ile ile, lakini anayeanza kusema "sitaki" ndiye anayebeba hasara.

Vyumba vya Marrakech, Fez na Essaouira vilikuwa katika nyumba ndogo za jadi zenye ua wa ndani, na vyote viliruhusu kughairi bila malipo hadi siku 14 kabla ya safari kuanza, yaani hadi Desemba 4. Nyumba ya kupanga nchini Ureno, karibu na Lisbon, nayo iliwekwa kwa tarehe zile zile kwa sharti la kughairi hadi Desemba 8. Tiketi za Moroko zilinunuliwa moja kwa moja kwa shirika la ndege, isipokuwa ya binti. Ya binti ilinunuliwa siku chache baadaye, baada ya baba kuona kwa wakala mmoja wa mtandaoni bei iliyokuwa pungufu kwa Euro 22.

Bima ilinunuliwa mwishoni. Nilieleza kwamba sera nyingi za bima za baada ya Machi 2020 zililichukulia janga kuwa jambo lililokwisha kujulikana, kwa hiyo kufungwa kwa mpaka hakukufidiwa. Waliyoipata ililipia msafiri akiugua kabla ya safari au akiwa safarini. Sote watatu tulisoma neno "akiugua" na kuendelea na ukurasa uliofuata.

## Mambo yalivyofuatana

Novemba 24, Afrika Kusini iliiarifu Shirika la Afya Duniani kuhusu aina mpya ya kirusi, na siku mbili baadaye shirika hilo likaipa jina la Omicron. Novemba 29, Moroko ilisimamisha safari zote za ndege za abiria zinazoingia nchini. Katazo lilitangazwa kuwa la wiki mbili.

Wiki mbili hizo ndizo zilizoleta mtihani. Katazo lingekwisha kabla ya Desemba 18, na kwa hiyo safari yao, kwa karatasi, ilikuwa bado hai. Shirika la ndege liliendelea kuuza viti vya siku hiyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba aliniandikia usiku: "Tughairi leo au tusubiri?" Nilimjibu asighairi ndege. Kama anga lingefunguliwa, wangekwenda. Kama lingebaki limefungwa, shirika lenyewe lingelazimika kufuta na kurudisha fedha taslimu. Kusubiri hakukuwagharimu kitu upande wa nauli.

Upande wa vyumba hesabu ilikuwa kinyume kabisa. Desemba 4 ingefika kabla ya wiki mbili kwisha, na baada ya siku hiyo fedha zingebaki Moroko hata kama mpaka umefungwa kwa kufuli, kwa kuwa nyumba zenyewe zilikuwa wazi. Asubuhi ya Desemba 3 walighairi vyumba vyote vitatu na kununua tiketi za Lisbon zinazobadilishika tarehe bila faini. Kwa siku kadhaa, basi, walikuwa na tiketi za nchi mbili kwa siku moja. Baba hakulala vizuri, na simlaumu.

Desemba 7 shirika la ndege lilifuta safari ya Marrakech. Fedha za tiketi mbili za wazazi zilirudi siku sita baadaye. Kabla ya wiki mbili za kwanza kwisha katazo lilisogezwa hadi mwisho wa Desemba, kisha likasogezwa tena. Moroko haikufungua anga lake hadi Februari 7, 2022.

Ureno nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Kuanzia Desemba 1 ilidai kipimo cha kutokuwa na maambukizi kwa kila anayeingia kwa ndege, aliyechanjwa pamoja naye, isipokuwa watoto wa chini ya miaka 12: kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kupanda ndege, au cha haraka cha antijeni ndani ya saa 48, kikiwa kimefanywa na maabara. Tuliweka miadi ya PCR Alhamisi mchana, Desemba 16, tukiacha Ijumaa nzima kwa ajili ya kipimo cha haraka iwapo majibu yangechelewa. Majibu ya mama na binti yalikuja usiku huo huo. Ya baba hayakuja hadi Ijumaa saa kumi jioni, wakati yeye yupo tayari kwenye foleni ya kipimo cha haraka. Akiba ile ya saa chache ilifanya kazi tuliyoiwekea.

Likizo yenyewe ilikwenda vizuri kwa siku 13, na sina la kuongeza juu yake.

Kwa siku za sikukuu serikali ya Ureno ilikuwa imekaza masharti: baa na kumbi za disko zilifungwa kuanzia Desemba 25, na mtu aliyetaka kula ndani ya mkahawa siku za Desemba 30 na 31 alitakiwa kuonyesha kipimo. Familia ilikuwa imeweka meza kwa usiku wa mwaka mpya. Asubuhi ya Ijumaa, Desemba 31, walipanga foleni mbele ya hema la vipimo kando ya duka la dawa, wakachokonolewa pua kwa kijiti mmoja baada ya mwingine, wakaambiwa wasubiri robo saa. Mama aliitwa peke yake, pembeni ya hema. Hakuwa akikohoa, hakuwa na homa, na alikuwa amekwenda pale kwa ajili ya chakula cha jioni.

Aliyeambukizwa alitakiwa kujitenga kwa siku 10, na waliokuwa wakiishi naye nyumba moja walihesabiwa kuwa watu wa hatari kubwa, kwa hiyo walitakiwa kubaki ndani pamoja naye. Nyumba ilikuwa yao hadi asubuhi ya Januari 3 tu. Vidonge vya baba vilihesabiwa hadi Januari 5.

## Maamuzi ndani ya siku za kujitenga

Mama alinipigia simu adhuhuri. Swali lake la kwanza halikuhusu ndege. Aliuliza watalala wapi Jumatatu. Sikuwa na jibu. Hoteli niliyoipigia ilisema kwa adabu kwamba haiwezi kumpokea mtu anayejua kwamba ameambukizwa, na kuificha habari hiyo hakukuwa jambo la kujadiliwa.

Waliamua kumweleza mwenye nyumba ukweli wote siku ile ile. Mimi ningesubiri kidogo, nipate kwanza pa kukimbilia, na naona sasa kwamba ningekosea. Mwenye nyumba hakufurahi. Hata hivyo, kwa kuwa alipata habari siku tatu kabla, aliweza kuwasiliana na mgeni aliyefuata, ambaye kumbe naye alikuwa akitafuta namna ya kuahirisha. Nyumba ikabaki yao kwa usiku watano zaidi kwa Euro 410. Mwenye nyumba huyo huyo ndiye aliyechukua picha ya cheti cha dawa cha baba na kwenda nayo duka la dawa; cheti cha daktari wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutambuliwa katika nchi nyingine za Umoja, na vidonge vilipatikana, ingawa kwa jina jingine la kibiashara, jambo lililohitaji simu mbili kwa daktari wao kuthibitisha kwamba dawa ni ile ile.

Ndege ilibadilishwa kwa simu. Faini haikuwapo, kama tulivyoahidiwa, ila viti vya wiki ya kwanza ya Januari vilikuwa ghali, na tofauti ya nauli kwa watu watatu ilifika Euro 276. Nilishauri wachague Januari 11, baada ya siku 10 kamili. Baba aliona tangazo la mamlaka za afya za Ureno la mwishoni mwa Desemba kwamba muda wa kujitenga utapunguzwa hadi siku saba kwa wasio na dalili, akataka Januari 8. Alikuwa sahihi, kwa kuwa utaratibu mpya ulianza kutumika kabla siku hizo hazijaisha, na kwa kuwa tiketi ingeweza kusogezwa tena bila faini kama usingeanza. Waliruka Januari 8.

## Matokeo

Kwa upande wa mpango wa kwanza, hasara ilikuwa ndogo mno. Vyumba vya Moroko vilirudisha kila kitu. Tiketi za wazazi zilirudisha kila kitu. Tiketi ya binti, ile ya Euro 22 pungufu, ilikwama: shirika la ndege lilisema limeshamrudishia wakala, wakala akasema hajapokea, na barua pepe zilikwenda na kurudi hadi Aprili, ambapo fedha ziliingia zikiwa zimekatwa ada ya huduma ya Euro 30.

Kwa upande wa kurudi, gharama ya ziada ilikuwa karibu Euro 690, ukiacha chakula cha kuagiza, siku tatu za shule, na siku za kazi ambazo baba alizifanya akiwa amekaa kwenye meza ya kulia. Bima ilikataa sehemu kubwa. Ilidai cheti cha daktari kinachothibitisha ugonjwa, na mama alikuwa na karatasi ya maabara tu. Baada ya kubishana ilikubali kulipa tofauti ya nauli ya mama peke yake. Mume na binti, kwa maelezo ya bima, hawakuugua.

## Uchambuzi

Kilichofaulu ni safu ya tatu ya jedwali. Watu wengi niliowashauri katika miaka ile walighairi mapema kwa hofu na kujinyima haki yao ya fedha taslimu, au walisubiri kila kitu kwa pamoja na kupoteza malazi. Familia hii ilighairi kimoja na kusubiri kingine wiki ile ile, kwa sababu ilikuwa imeshaandika Oktoba, bila presha, ni nani anayeshika hasara katika kila kipengele. Uamuzi wa Desemba 3 ulichukua chini ya saa moja.

Sitasema hivyo hivyo kuhusu tiketi ya wakala. Nilijua kwamba fedha zinazopita mikononi mwa mtu wa kati huchelewa, na nilinyamaza kwa kuwa kiasi kilikuwa kidogo. Kosa hilo lilikuwa la uvivu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mtazamo. Tulikuwa tumenunua unyumbufu mwingi, na karibu wote ulikuwa wa kabla ya kuondoka. Kila tarehe kwenye jedwali ilitangulia Desemba 18. Tuliuliza nchi ikifungwa itakuwaje. Hatukuuliza mmoja wetu akizuiwa ndani yake itakuwaje, ilhali kwa watu waliochanjwa na kusafiri katika wimbi la Omicron uwezekano wa pili ulikuwa wa kawaida kabisa. Bima tuliisoma kwa jicho lile lile: "akiugua" lilitosha kwetu, na hakuna aliyeuliza kama mtu asiyeumwa lakini amekatazwa kutoka nje anahesabiwa kuwa mgonjwa. Kulikuwa na sera zilizotaja kujitenga kwa amri ya mamlaka ya afya kwa maneno yake yenyewe, kwa bei ya juu kidogo.

Kitu pekee kilichowasaidia upande wa kurudi, tiketi inayobadilishika, kilinunuliwa kwa sababu nyingine, na nyumba ilibaki wazi kwa bahati. Nisingependa msomaji aone siku zile tano kama ushahidi wa mpango mzuri.

Jedwali ninalotumia tangu hapo lina safu ya nne: iwapo mmoja atazuiliwa kwa siku 10 baada ya siku ya kurudi, atalala wapi, kwa fedha za nani, na nani atabaki naye. Mstari wa dawa nao umeingia, na huhesabiwa kwa siku za safari na wiki mbili juu yake. Kwa familia hii jibu la safu ya nne lingepatikana kwa urahisi: kumwuliza mwenye nyumba, Oktoba, kama tarehe zinazofuata zina mgeni, na kutafuta nyumba nyingine kama zinaye.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza nafsini mwangu. Kushikilia vyumba katika nchi mbili kwa tarehe moja kuliokoa fedha za familia, lakini nyumba zile tatu za Moroko zilipoteza wageni wao Desemba 3 na hazikuwa na wa kuchukua nafasi zao, mpaka ukiwa umefungwa. Hazikuwa hoteli kubwa. Mama alimwandikia mwenye nyumba wa Marrakech barua ndefu kuliko ilivyohitajika, na alijibiwa kwa sentensi mbili za upole. Mipango ya namna hii bado naiandaa, ila chumba cha akiba nakitafuta katika hoteli yenye vyumba vingi, na pale ambapo ni nyumba ndogo tu iliyopo, mwenyewe huambiwa mapema kwamba yeye ni mpango wa pili.